Maji Yalikuwamo Tangu Mwanzo

Wiki iliyopita msichana mmoja kutoka Githurai 45 alikuja kwangu Ngoingwa akiwa na chupa ya losheni ndani ya mfuko. Anaitengeneza mwenyewe jikoni na kuiuza kwa simu. Juu yalikuwa mafuta, chini maji, na katikati kitu kama maziwa yaliyolala nje ya friji.

"Guka," aliniambia, yaani babu, "nimekoroga hii kitu mpaka blenda ikatoa moshi, na bado inakataa kushikana."

"Si kwamba imekataa," nilimjibu. "Wewe ndiye uliyeiachanisha."

Nilimpa chai na kumweleza. Lakini najua yuko mmoja kwenye kila ploti, kutoka Githurai hadi Makongeni, na sina chai ya kuwatosha nyote. Kwa hiyo naandika. Someni mkiwa mmezima blenda.

Kwanza mjue ni nani anayesema. Nilizaliwa Gatuanyaga, nikachunga mbuzi wa baba kwenye vumbi hadi nilipojiunga na shule ya upili. Nina diploma moja ya teknolojia ya kemia, na sikuhitaji ya pili. Kwa diploma hiyo nilifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha krimu huko Uingereza. Nikarudi na pesa za kujenga nyumba hii mnayoiona yenye geti la kijani, pamoja na hadubini yangu mwenyewe, niliyoifunga kwa blanketi mbili na kuipakata ndani ya ndege kama mtoto mchanga. Hakuna aliyenishika mkono. Kiwanda cha Ruiru kiliponiajiri, kilikuwa na vijana wawili wenye digrii, na wote wawili walikuwa wakinifuata nyuma wakiuliza. Wafanyakazi waliniita Diploma. Walidhani wananitania. Mimi niliitika.

Basi tuingie kazini. Losheni ya kawaida ni matone ya mafuta yanayoelea ndani ya maji. Hiyo hata mtoto ataifahamu. Ile tuliyotengeneza Ruiru ilikuwa ya ngazi mbili: tone la mafuta linaelea ndani ya maji, lakini ndani ya tone hilo la mafuta mna vitone vingine vya maji. Pasua tunda la pasheni uone. Ganda moja, na ndani vifuko vingi, kila kimoja na maji yake. Sasa fikiria matunda kama hayo, madogo kiasi kwamba jicho halioni, yamejaa kwenye tangi kubwa kuliko choo chako. Hiyo ndiyo krimu yetu.

Ilikuwa krimu ya kupaka chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua. Dawa iliwekwa kwenye vile vitone vya ndani kabisa, ili itoke polepole na imlinde ng'ombe hadi akamuliwe tena. Ukiitengeneza kwa mkupuo mmoja hupati kitu. Unaanza kwa kuingiza maji ya dawa ndani ya mafuta, na hapo unakoroga kwa nguvu, mashine ipige kelele, vitone viwe vidogo iwezekanavyo. Kisha unachukua mchanganyiko huo na kuumimina taratibu ndani ya maji ya nje, na hapo unakoroga kwa upole. Mara ya kwanza kasirika, mara ya pili bembeleza. Ukikasirika mara ya pili, unayapasua yale matunda na maji ya ndani yanatoroka. Na ukibembeleza kupita kiasi, matone yanabaki makubwa na kupanda juu kama malai. Kazi yetu yote ilikuwa kupata kasi iliyo katikati.

Kuna kosa moja la wasomi ambalo ni lazima nilitaje. Kiwanda kilipohama kutoka pipa dogo hadi tangi kubwa, wale vijana wa digrii walichukua kasi ileile ya mizunguko na kuihamishia kwenye tangi. Nilifika nikakuta krimu inaharibika, nao wanabadilisha mafuta, wanabadilisha dawa ya kushikanisha, wanabadilisha hata mahali pa kuchota maji. Niliwapeleka nje nikawaambia washikane mikono na wasichana wa kupakia, wasimame kwa mstari kama watoto wa nasari, na yule wa ncha moja azunguke pale pale aliposimama. Yule wa ncha ya nje alikimbia mpaka kiatu kikamtoka.

"Sasa," nikasema, "pangaboi la kukorogea la pipa ni mstari wa watu wawili. La tangi ni mstari wenu huu. Mizunguko ni ileile, lakini ncha ya nje inakimbia namna gani?"

Nikapunguza kasi, na krimu ikakaa sawa wiki hiyohiyo. Hilo nalitaja kwa sababu baadaye krimu ilipoharibika tena, tayari nilijua si kasi ya kutengenezea.

Sasa, uzito. Vitabuni wanasema mnato, lakini kwenye tangi tunasema uzito kama wa uji. Krimu nzuri ni nzito ikitulia na nyepesi ukiisukuma. Ukiacha kuisukuma inarudi. Na je, uzito unatoka wapi? Unatoka kwenye msongamano. Nenda soko la Thika siku ya soko. Watu wakiwa wamebeba magunia mgongoni hakuna anayepita. Waambie watue magunia na kuyatoa nje. Watu ni walewale, lakini sasa unapita ukipiga mluzi. Tone la mafuta lililojaa maji ndani ni mtu mwenye gunia. Maji ya ndani yakitoka, tone linanywea, nafasi inapatikana, na krimu inatiririka. Hakuna kilichoongezwa. Hakuna kilichopunguzwa.

Hili nilifundishwa na Mpolandi mmoja huko ng'ambo, mzee Marek, ambaye alikuwa mkuu wa maabara yetu. Marek hakukubali mtu atoe maoni kabla ya kuweka tone kwenye kioo na kulitazama. "Jicho kwanza, mdomo baadaye," alikuwa akisema, na akikukuta unabishana kabla ya kutazama anakuondolea kiti. Siku moja krimu iliyokuwa imelala kwenye tangi ilikutwa imekuwa nzito mno. Watu wakasema mtu ametia wanga. Marek akaniita kwenye hadubini. Matone yalikuwa yamevimba kama kupe walioshiba. Chumvi iliyokuwa ndani ilizidi ile ya nje, nayo ikavuta maji yakaingia. Tulilinganisha chumvi, mambo yakaisha. Tangu siku hiyo, nikisikia "mtu ametia", mimi hutafuta kioo.

Basi Ruiru ikaja siku ya kusikia "mtu ametia".

Mama Wairimu ndiye aliyeendesha tangi shifti ya asubuhi. Ni mwanamke wa Gatuanyaga kama mimi, mrefu, asiyependa maneno. Alikuwa akimaliza krimu kabla ya saa nane mchana, anaiacha itulie tangini, na asubuhi yake inapakiwa. Shifti ya mchana ilikuwa ya mzee Kamau wa Ruiru, mtu wa bidii kuliko wote mle ndani, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha mabomba na kutengeneza sabuni kwenye tangi la pili huku akilinda hilo la krimu.

Wateja wakaanza kulalamika. Mfugaji mmoja alileta mkebe akaumimina mbele ya ofisi. "Hii mnaniuzia ni ya chuchu ama ya kwato?" aliuliza. "Nikipaka juu inafika chini mbele yangu."

Meneja alituita ofisini: Mama Wairimu, Kamau na mimi.

"Mama Wairimu," meneja alianza, "maji unatoa wapi?"

"Maji gani?"

"Ya kuongeza kwa krimu."

"Niongeze nipate nini, Meneja? Krimu si chang'aa."

"Upate mafuta. Unabeba mafuta, unajaza maji. Na usinione mjinga. Krimu ya Jumamosi huwa nzito. Kwa nini? Kwa sababu Jumamosi mimi huwa hapo nimesimama. Siku zingine sipo."

"Mimi napima mafuta mbele ya watu."

Kamau alicheka kidogo, akasema maneno ambayo nadhani aliyaona kuwa mzaha tu. "Meneja, huyu ametoka kwa watu wa maziwa. Hao maji wanayajua sana."

Mama Wairimu alimtazama, kisha akaniangalia mimi. "Diploma, wewe si unajua kwetu? Sema kitu."

"Nitasema nikishaona," nilimwambia. Nikamwomba meneja asimfukuze hadi mwisho wa wiki. Alikubali kwa shingo upande, kwa sababu ni mimi niliyeomba.

Lazima mwelewe kilichokuwa hatarini, maana hakikuwa kibarua peke yake. Nyumbani kwao wanaishi kwa maziwa. Mama yake, ambaye sisi sote tulimwita Cucu, yaani bibi, hupeleka mtungi wake kila asubuhi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa kando ya barabara. Gatuanyaga unaweza kusamehewa ulevi, hata kesi ya shamba. Lakini ukiitwa mtu wa kutia maji kwenye maziwa, jina hilo litarithiwa na wajukuu. Na wasichana wa kupakia walikuwa wa huko pia. Mzaha wa Kamau ulipanda boda boda jioni ileile. Siku iliyofuata mpokeaji maziwa aliyapima ya Cucu mara mbili. Kesho yake akamwambia asimame pembeni, mtungi wake usubiri hadi wa mwisho, maziwa yake yasichanganywe na ya wengine. Cucu alisimama pale na leso yake huku majirani wakipita.

Mama Wairimu alinieleza hayo akiwa anafunga aproni. "Mimi wanifukuze," alisema. "Lakini mama yangu anasimamishwa kama mwizi wa kuku."

Nikaenda kwenye kioo. Nilichukua krimu yake ilipomalizika tu, nikaitazama: matunda ya pasheni, yamejaa, safi, mazuri kuliko yale ya Uingereza, na nasema hivyo kwa sababu kasi niliiweka mimi. Asubuhi nikachota kwenye tangi lilelile kabla ya kupakia. Matone ya mafuta yalikuwa matupu, madogo, yamenywea. Krimu ilipita kwenye kikombe chetu cha kupimia, kile chenye tundu chini, kama chai.

Mtu wa haraka angesema maji yameongezwa. Mimi nilipima uzani sawa wa krimu zote mbili kwenye bakuli mbili za bati, nikazikausha kwenye oveni mpaka maji yote yakaisha, nikazirudisha kwenye mizani. Kama maji yangekuwa yameongezwa, au mafuta yangekuwa yameibwa, bakuli la pili lingebaki na masalio machache. Mizani ilisimama palepale.

Nilibeba bakuli zote mbili hadi kwa meneja nikaziweka juu ya meza yake.

"Kwa hivyo hakuongeza maji?" aliuliza.

"Hakuongeza."

"Na haya ninayoyaona yanatiririka yametoka wapi?"

"Yalikuwamo tangu mwanzo. Yalikuwa yamefichwa ndani ya mafuta. Kuna mtu anayapasulia mlango."

"Nani?"

"Hilo bado sijaliona."

Jambo moja meneja alikuwa ameligundua mwenyewe bila kulielewa: krimu ya Jumamosi haikuharibika. Yeye alidhani ni kwa sababu ya macho yake. Mimi nilijiuliza ni nini kingine kinachokosekana Jumamosi. Jibu ni shifti ya mchana. Jumamosi tulifunga saa saba, na hapakuwa na kupokezana.

Kwa hiyo siku hiyo nikajipatia kikombe cha chai na kuegemea ukuta karibu na tangi saa za kupokezana. Mama Wairimu alizima, akaosha mikono, akaondoka. Kamau aliingia akifunga kifungo cha mwisho cha koti. Hakunisalimu hata mimi kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi la krimu, akawasha mota, akaipandisha hadi kasi ya mwisho kabisa, akaweka sikio juu ya chuma na kufumba macho, kama daktari anayesikiza kifua. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Chai yangu ilipoa. Kisha akazima, akaguna kwa kuridhika.

"Mzee Kamau," nikasema, "hiyo ni nini unafanya?"

"Nasikiza mashine."

"Kila siku?"

"Kila siku, Diploma. Unaingia shifti bila kusikiza mashine? Zamani waliniachia mota imechoka, nikawasha, ikaungua. Nani aliitwa ofisini? Ni mimi. Tangu hapo sipokei kitu kabla ya kusikia beringi zake zinavyozunguka. Na beringi mbaya hailii mpaka uikimbize."

"Lakini kuna krimu ndani."

"Si inatulia tena? Krimu ukiikoroga inakuwa nyepesi, ukiiacha inaamka. Wewe ndiye ulitufundisha."

Ni kweli niliwafundisha, na somo lilikuwa sahihi. Krimu iliyosukumwa huamka, maadamu matone yake ni mazima. Tone lililopasuka halina cha kuamka nacho. Na mjue pia kwamba desturi ya kusikiza haikuwa ya Kamau pekee. Karibu kila fundi wa mashine wa rika lake, Ruiru hadi Thika, anapokea mashine kwa sikio. Kwenye sabuni haidhuru kitu. Kwenye rangi haidhuru. Kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kuitaja. Ni kama kumtajia mtu kwamba ulibisha hodi.

Sikubishana naye. Nilimwambia asubiri, nikaleta vioo viwili. Cha kwanza nilikuwa nimekiandaa kabla hajaingia. Cha pili nilikichota hapohapo.

"Tazama hiki. Ni kabla ya wewe kusikiza."

Aliinama. Alikuwa hajawahi kutazama kwenye hadubini. "Haiya," alisema. "Ni kama mayai ya chura."

"Na hiki?"

Aliinamia kioo cha pili hata mgongo ukamuuma. Aliponyanyuka alivua kofia.

"Kumbe yale maji ni mimi," alisema.

Meneja alitaka kumfukuza yeye sasa, maana kuna watu ambao lazima wafukuze mtu ili siku iishe vizuri. Nilimwambia kwamba akimfukuza mtu pekee anayejali beringi, atanunua mota mpya kabla ya Krismasi. Tukapanga mashine isikizwe asubuhi baada ya kupakia, tangi likiwa tupu. Nusu ya ustadi wa krimu za ngazi mbili ni kujua wakati wa kutoigusa. Msichana wa Githurai, hapo ndipo chupa yako ilipokufa.

Meneja alimwomba Mama Wairimu radhi ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Yeye alisikiza hadi mwisho, akasema asante, na akabaki amesimama.

"Kuna kitu kingine?" meneja aliuliza.

"Maneno haikusemewa hapa ofisini peke yake," alisema. "Aliposimamishwa mama yangu si hapa." Akanigeukia. "Diploma, beba hiyo darubini yako uje Gatuanyaga. Na huyu mzee wa kusikiza aje pia."

Nilikwenda. Mnajua mimi sikatai kualikwa mahali penye watu. Asubuhi nilisimamisha hadubini yangu juu ya mtungi uliopinduliwa pale kituoni, nikapanga bakuli zangu mbili, nikawaeleza wafugaji yale yote niliyowaeleza nyinyi, ya pasheni na ya magunia sokoni. Wote walipanga foleni wakatazama. Mzee mmoja alitazama mara tatu akataka kujua kama ng'ombe wake naye anaweza kupimwa. Nilieleza vizuri, na hakuna aliyebaki na swali.

Kisha Kamau akasogea mbele, kofia mkononi. "Mimi ndiye nilisema yale maneno ya watu wa maziwa," alisema. "Na mimi ndiye niliyekuwa naharibu. Huyu mama hakutia maji popote." Alimgeukia Cucu aliyekuwa bado amesimama pembeni na mtungi wake. "Cucu, nisamehe."

Cucu alimwangalia kutoka kofia hadi viatu. "Wewe ndiye unalalia mashine?"

"Ndiye mimi."

"Nenda ulalie ya kwenu."

Watu wakacheka, na Kamau akacheka nao, na hewa ikalegea. Mpokeaji maziwa, kijana aliyekuwa akiona aibu tangu tufike, aliruka haraka kuushika mtungi wa Cucu. Aliufungua na kuuinua, tayari kuumimina kwenye pipa kubwa pamoja na ya wengine. "Leo hata sipimi, Cucu," alisema. "Ingia tu."

Mama Wairimu aliweka mkono juu ya mdomo wa mtungi.

"Pima," alisema. "Pima kama ya kila mtu."

Kijana akatafuta kipimo chake, akakipangusa, akakitumbukiza kwenye maziwa. Kipimo kilizama kidogo, kikapanda, kikasimama wima kwenye alama ya maziwa yasiyotiwa maji. Akakiinua juu ili watu waone, kisha akainamisha mtungi.